Nyimbo za Flashi Zina Wenyewe

Ukishuka feri upande wa Likoni, kabla hujaifikia stendi ya matatu za Ukunda, hukosi meza yenye laptopu, spika moja na nyaya zilizosokotana kama nyavu mbovu. Unampa kijana flashi, unamwambia, "Nitilie Bongo mpya, na taarabu za zamani kidogo, mama apate kusikiza." Naye anatilia. Meza kama hiyo utaikuta Kongowea, Bombolulu, Magongo na Mikindani. Pengine si meza, ni dirisha la duka la muvi au kona ya kinyozi. Kahawa haijapoa kikombeni, umeshapata nyimbo mia mbili.

Hapo hakuna anayejihisi mwizi. Wewe umelipa, kijana amefanya kazi, na wimbo bado uko kwenye laptopu yake kama ulivyokuwa. Ndiyo hoja ninayoisikia kila nikilizungumza jambo hili barazani: mwizi wa kuku humwacha mwenye kuku mikono mitupu, lakini mimi nimemwachia msanii wimbo wake, nimeiba nini? Hoja hiyo ina ujanja, na inastahili kujibiwa, si kukemewa tu.

Fikiri abiria aliyepanda tuktuk feri, akateremka Mtongwe bila kulipa, akamwambia dereva, "Tuktuk yako si ndiyo hii? Sikuichukua." Hakuna dereva atakayeridhika, kwa sababu yeye hauzi tuktuk, anauza safari. Msanii naye hauzi faili. Anachouza ni ruhusa: ya kunakili, ya kusambaza, ya kupiga mbele ya watu. Ruhusa hiyo ndiyo iitwayo hakimiliki, na ndiyo iliyorukwa pale mezani.

Bure yenyewe si kosa

Hapa pana mkorogano mkubwa. Wapo wanaoamini kwamba wimbo wowote uliopakuliwa bila kulipa ni haramu kisheria, na wapo wanaoamini kwamba wimbo wowote ulioko kwenye mtandao umeshakuwa mali ya umma. Wote wamekosea.

Chukua Mdundo, huduma iliyoanzia Nairobi. Mtu anapakua wimbo bila kutoa hata senti, na hajavunja sheria, kwa sababu kampuni hiyo ina mikataba na wasanii na inawalipa kutokana na matangazo. Biashara hiyo ya "bure" ilikua hata mwaka 2020 ikaingia kwenye soko la hisa huko Copenhagen, Denmark. Boomplay nayo ina usikilizaji usiolipiwa, matangazo yakibeba gharama. YouTube ni vivyo hivyo: ukisikiliza kwenye chaneli ya msanii mwenyewe, wewe hulipi, lakini usikilizaji wako umehesabiwa. Na msanii akiamua kuwatumia mashabiki wimbo kwa WhatsApp waueneze, hiyo ni hiari yake.

Basi swali la kujiuliza halihusu bei. Jiulize: aliyenipa ana ruhusa ya kutoa? Tovuti isiyotaja kampuni wala anwani, yenye albamu nzima siku ile ile ilipotoka, inayokurusha kwenye matangazo ya kamari kila ukibonyeza, haina ruhusa hiyo. Programu inayokutaka uzime ulinzi wa simu kwanza ndipo iingie, vilevile. Ukiwa na shaka, fungua ukurasa wa msanii uone mwenyewe anakuelekeza wapi. Wengi huweka kiungo kimoja chenye huduma zote walizozikubali.

Kuna jambo jingine ambalo vijana hawalihesabu: programu zinazonyofoa wimbo kutoka YouTube na kuugeuza faili la sauti. Sheria ya Kenya inahesabu kuvunja au kukwepa vizuizi vya kiteknolojia vilivyowekwa kulinda kazi kuwa ni ukiukaji wa hakimiliki. Na kwa msanii, hasara ni ya hesabu. YouTube humtaka mwenye chaneli afikishe wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 kabla ya kuanza kupata mgao kamili wa matangazo. Kijana wa Kisauni anayeanza leo, nyimbo zake zikizunguka kwenye flashi za mtaa mzima, anaweza kuwa maarufu kutoka Mishomoroni hadi Bamburi na bado chaneli yake ikaonekana kama ya mtu asiyejulikana.

Sheria yenyewe

Sheria tunayoizungumza ni Sheria ya Hakimiliki, namba 12 ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika Februari 2003 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2019 na tena 2022. Msimamizi wake ni Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Nyuma yake iko Katiba ya 2010, ambayo katika kifungu cha 40 inaitaka Serikali ilinde haki za ubunifu za watu wa Kenya. Hakimiliki huanza pale kazi inapoandikwa au kurekodiwa, haingoji cheti.

Wimbo mmoja una wenyewe kadhaa. Mtazame marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Mashairi mengi aliyoyaimba yalitungwa na binamu yake, mshairi Ahmad Nassir. Kwa hiyo maneno yana mwenyewe, lahani ina mwenyewe, waimbaji na wapigaji wana haki zao, na aliyegharimia kurekodi ana haki yake. Haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Ya rekodi, miaka 50 baada ya mwaka iliporekodiwa. Kwa hiyo "wimbo wa zamani" na "wimbo usio na mwenyewe" ni vitu viwili tofauti. Lahani alizotunga Bhalo mwenyewe zinalindwa hadi mwisho wa 2064.

Au tazama "Jambo Bwana", wimbo unaopigwa kila jioni katika hoteli za Diani na Nyali mpaka wahudumu wameuchoka. Si wimbo wa asili, kama watalii wengi wanavyodhani. Ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, bendi iliyozaliwa hapa Mombasa, na ukatoka mwaka 1982. Mwaka uliofuata Boney M. walikuwa na toleo lao, na bendi za hoteli za pwani zikaurekodi kwa namna zao. Ikiwa rekodi ya kwanza ilifanywa mwaka ule ule ilipotoka, inalindwa mpaka mwisho wa 2032, na utunzi unalindwa kwa muda mrefu zaidi. Anayetaka kuelewa kwa nini hakimiliki si jambo la wazungu peke yao aanzie kwenye wimbo huu.

Sasa adhabu. Kifungu cha 38 ndicho cha kusomwa na kila mwenye meza. Kinaorodhesha makosa ya jinai: kutengeneza nakala haramu kwa ajili ya kuuza au kukodisha, kuziuza au kuzianika kibiashara, kuzisambaza, kuwa nazo kwa matumizi yasiyo ya binafsi na ya nyumbani, kuziingiza nchini kwa biashara, na kumiliki mtambo wa kuzitengenezea. Kwa kutengeneza na kusambaza, adhabu inaweza kufika faini ya shilingi 400,000, au kifungo cha miaka 10, au vyote viwili. Na huo "mtambo" usifikiri ni mashine ya kiwandani. Laptopu ya kijana wa feri inatosha, na ndiyo itakayochukuliwa kama kielelezo.

Msomaji makini ameona maneno "matumizi ya binafsi na ya nyumbani". Ndiyo, sheria imemtofautisha anayesikiliza nyumbani kwake na anayefanya biashara. Mama wa Shika Adabu mwenye nyimbo zake kwenye simu siye anayewindwa na kifungu hiki. Lakini asichukulie kwamba amepewa ruhusa. Upande wa madai uko wazi: mwenye haki anaweza kwenda mahakamani akataka zuio, fidia, au malipo ambayo angelipwa kama ruhusa ingeombwa. Na ubinafsi una mpaka. Faili likitoka kwenye simu yako likaingia kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 300, au chaneli ya Telegram, huko ni kusambaza, hata kama hukupata hata shilingi. Kwa maoni yangu hapa ndipo watu wema wengi wanapokanyaga mstari bila kujua.

Wenye jamaa ng'ambo wawaonye. Huko Marekani, kampuni za muziki zilianza kushtaki watumiaji wa kawaida mwaka 2003. Jammie Thomas-Rasset, mama wa Minnesota, alishtakiwa kwa nyimbo 24. Mwaka 2009 baraza la waamuzi likamtoza dola milioni 1.92, na baada ya rufaa za miaka kadhaa ikabaki dola 222,000. Ujerumani, ambako pwani hii ina wakwe wengi, mtu akitumia torenti hupata barua ya wakili nyumbani, yenye bili ya mamia ya yuro. Sababu ni kwamba torenti inapokuletea wimbo, wakati huo huo inawagawia wengine kutoka kwenye kompyuta yako. Mgeni anayetumia intaneti ya mwenyeji wake ndiye humtia mwenyeji matatani.

Na kabla hatujatoka kwenye hasara: salio la simu. Mwaka 2019 kampuni ya usalama wa simu ya Upstream ilitangaza kwamba programu mbili zinazopendwa za kupakulia video na nyimbo, VidMate na Snaptube, zilionekana zikinunua huduma za kulipia kimyakimya kwa salio la wenye simu. Wenye programu walijitetea wakielekeza kidole kwa washirika wao. Mwenye simu hayo hayamsaidii. Ukiona bando linaisha mapema na deni la Okoa Jahazi halikatiki, anza kuangalia ulichopakua.

Matatu, saluni, hoteli

Wimbo uliolipiwa kihalali kabisa unaweza kukuingiza kwenye kosa ukiupiga mbele ya umma bila leseni. Kununua wimbo wa kusikiliza ni jambo moja. Kuutumia kuvutia abiria wa Changamwe au wateja wa saluni ni jingine. Baa, hoteli, matatu, maduka yenye spika nje, kumbi za sherehe: zote zinahitaji leseni ya muziki, na viwango vya malipo huchapishwa katika Gazeti rasmi la Serikali. DJ anayetengeneza "mix" na kuwauzia wenye matatu anafanya mambo mawili yanayohitaji ruhusa, kunakili na kusambaza, na jina lake analolitaja kila dakika ndani ya mix ni ushahidi anaoutoa mwenyewe.

Leseni hiyo hutolewa na vyama vya kukusanya mirabaha, na hapa lazima nikiri kwamba hali imekuwa ya vurugu. Majina yanayojulikana ni MCSK kwa watunzi, KAMP kwa wazalishaji wa rekodi na PRISK kwa waimbaji na wapigaji. Mwaka 2017 KECOBO iliinyima MCSK leseni na kukipa chama kingine, MPAKE. Tangu hapo mivutano na kesi hazijaisha. Wasanii nao wamelalamika hadharani: mwanzoni mwa 2016 kundi la Elani lilisema limelipwa shilingi 31,000 tu, wakati nyimbo zao zilikuwa zikipigwa kila redio. Mwenye saluni akiniuliza, "Nikilipa, pesa zinamfikia nani?", siwezi kumwambia ameuliza upuzi.

Ila uchafu wa bomba hauondoi haki ya mwenye kisima. Fanya hivi: usimpe mtu yeyote pesa taslimu mlangoni. Uliza KECOBO ni chama gani kina leseni halali mwaka huu. Leseni hizo hutolewa kwa muda, na aliyekuwa halali mwaka jana huenda si halali leo. Mkaguzi wa kweli wa KECOBO ana hati ya uteuzi na anapaswa kukuonyesha ukiitaka. Ana mamlaka ya kuingia kwenye eneo la biashara na hata gari kukagua, kwa hiyo usimfungie mlango wala usibishane naye; soma hati, andika jina, taka stakabadhi ya kila kitu anachochukua. Asiye na hati, mpeleke kituo cha polisi kilicho karibu. Matapeli wanaojifanya wakaguzi hawapendi safari hiyo.

Dini na dhamiri

Mombasa huwezi kuzungumzia haki bila mtu kuuliza dini yasemaje. Wapo wanaochekesha: muziki wenyewe una utata, kuuiba kutakuwa na dhambi gani? Mzaha mzuri, lakini meza ya feri inauza kaswida na mawaidha ya masheikh pia. Na suala limeshatazamwa na wanazuoni: Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwaka 1988, ilipitisha kwamba haki za utunzi na ubunifu ni mali inayolindwa kisharia na haijuzu kuvamiwa. Wakristo wana amri ya "Usiibe". Kwaya zetu nazo hurekodi kwa michango ya Jumapili, kisha DVD inanakiliwa na waumini wale wale waliochanga.

Mimi sioni sawa kumfananisha mwanafunzi asiye na bando na anayejenga kibanda kizima juu ya jasho la watu. Sheria yenyewe haikuwafananisha. Wala sijasahau kwamba tulilelewa na kanda za kunakili. Taarabu ya Mombasa ilienea hivyo: harusi ilirekodiwa, maduka kama Mbwana Radio Service yakauza kanda, jirani akaazima, akanakili, akampelekea shangazi Lamu. Tofauti ni kasi. Kanda ilihitaji saa nzima kunakili upande mmoja na mwingine, na mwimbaji bado alilipwa na kutuzwa usiku wa harusi. Leo faili linafika Mtwapa kabla mwimbaji hajamaliza deni la studio.

Kwa anayeimba

Wewe ambaye nyimbo zako ndizo zinazopigwa bila ruhusa, una silaha zaidi ya unavyofikiri. Sajili kazi yako KECOBO kupitia eCitizen. Usajili si sharti la kuwa na haki, lakini mbele ya hakimu cheti chenye tarehe kina uzito kuliko kiapo cha rafiki zako. Andikeni mgao wenu na prodyusa kabla ya kurekodi, hata kwenye karatasi ya daftari, mkatie sahihi nyote. Kesi nyingi za muziki huanzia kwa watu waliopendana.

Ukikuta wimbo wako kwenye tovuti haramu, marekebisho ya 2019 yanakuruhusu kumpelekea mtoa huduma wa intaneti notisi ya kuuondoa. Iandike kikamilifu: jina lako na anwani, kazi yenyewe, mahali hasa ilipo, na tamko kwamba wewe ndiye mwenye haki. Usiitumie kumkomoa mshindani. Notisi ya uongo ni kosa linaloweza kukutoza faini hadi shilingi 500,000 au kifungo hadi miaka 5.

Na usiogope ukubwa wa mtu. JB Maina aliishtaki Safaricom kwa nyimbo zake kuuzwa kama milio ya simu bila ridhaa yake, na shauri likamalizika kwa maelewano ya malipo. Kuhusu milio hiyo ya kumpokelea mpigaji, marekebisho ya 2022 yalimpa msanii au mwenye hakimiliki si chini ya asilimia 52 ya mapato. Soma mkataba wa wakala wako uone kama anaijua namba hiyo.

Nirudi kwa kijana wa meza, maana yeye ndiye anayekaa karibu zaidi na kifungu cha 38. Ndugu yangu, biashara ya flashi inaweza kuwa halali. Wasanii wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanatafuta pa kuuzia, nawe una meza mahali wanapopita watu kutwa kucha. Nenda kwao, muandikiane: nyimbo zao kwenye laptopu yako, kila mauzo mgao wao kwa M-Pesa jioni ile ile. Kwa nyimbo za wengine, iulize KECOBO leseni inayokuhusu kabla ya kufungua meza kesho, maana mkaguzi akija hatauliza kama ulijua.